Bastola Ndogo ya Wijdan

Columbus, Ohio
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mu wazima wote hapo Mabela, goti lako limetulia, na mama anameza dawa zake za sukari bila ya kulazimishwa. Mimi mzima, alhamdulillahi. Kazi ya maabara inakwenda. Fleti niliyohamia mwezi uliopita, ile niliyokupa anuani yake, ni ndogo lakini safi.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu wewe huiweka spika, nyumba nzima ikasikia. Hili ni lako peke yako.

Nataka kununua bastola. Usiifunge kompyuta, soma kwanza. Nna kadi ya ukaazi, sheria ya hapa inaniruhusu kununua na kubeba chini ya nguo, nimeuliza. Huku nilikohamia kuna wezi. Nataka ndogo, ya bei nafuu, isiyoonekana. Dukani wamenionesha tatu: moja ndogo kabisa, inaingia kiganjani, nyepesi kama simu, ya pili ya risasi za milimita tisa, kubwa kidogo, imetengenezwa Uturuki, ya tatu ni rivolva, zile za kasha la risasi linalozunguka, ya risasi tano, imeshatumika. Muuzaji ananisukumia ile ndogo, anasema ndiyo ya wanawake.

Wewe ndiye fundi. Nichukue ipi?

Nisalimie mama, ila hili usimwambie.

Mwanao,
Wijdan

*

Mabela, Muscat
Jumanne, 7 Oktoba 2025

Wijdan,

Marahaba. Mama yako hajambo. Goti bado, na sasa umeniongezea na maradhi ya moyo.

Umerogwa? Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta pale utakaposema unatania. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye karakana ya silaha jeshini. Nimefungua na kufunga bunduki nyingi kuliko mashati niliyovaa, na sikuleta chuma kile nyumbani hata siku moja, kwa sababu nyinyi mlikuwa mnalala humo. Leo binti yangu ananiuliza ipi ndogo, ipi nafuu, ipi haionekani, kama anayechagua mkoba wa harusi!

Sisi silaha yetu ni khanjar, jambia la wazee wetu, na inakaa mbele ya tumbo ili kila mtu aione. Anayeivaa anawaambia watu: mimi ni fulani, nipo. Anayeficha chuma chini ya nguo ni mwizi, au ni mtu anayemwogopa mwizi. Wewe hukulelewa kuwa mmoja wao.

Kama mtaa una wezi, hama. Kama huwezi kuhama, rudi, chumba chako kipo na hospitali za hapa zinatafuta watu wa maabara. Na lau ungebaki kwa mumeo Sinan, mtoto wa ndugu yangu, leo usingetafuta bastola, ungekuwa na mwanamume mlangoni. Nilisema siku mlipoachana na nasema tena.

Swali lako sikulijibu na sitalijibu.

Babako

Ila hiyo ndogo ya kiganjani ni upuuzi mtupu. Mwambie huyo muuzaji akamuuzie mama yake.

*

Columbus
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai goti na moyo vyote vimepoa. Mimi mzima, mkono tu unaniuma, na nitakwambia kwa nini.

Umewafundisha vijana wa miaka kumi na minane, watoto wa watu usiowajua, namna ya kushika silaha wasijiue. Mimi niliyetoka mgongoni mwako nakuuliza swali moja, unanijibu kwa khanjar! Khanjar haina faida kwa mwanamke, baba. Hata kuivaa hamkutupa. Na hilo la Sinan tafadhali usiliandike tena. Usiliandike kabisa.

Hukunijibu, basi nikenda mwenyewe kwenye uwanja wa kulengea shabaha, wanakukodisha ujaribu. Ile ndogo iliruka mkononi kama samaki. Ilinichubua hapa katikati ya gumba na kidole cha shahada, damu ikatoka. Hiyo ndiyo ya wanawake! Rivolva, triga yake, pale pa kufyatulia, nzito mpaka mkono mzima unatetemeka na risasi inakwenda chini. Ile ya Kituruki sikuijaribu, muda uliisha.

Nitanunua, ukitaka usitake. Ukinyamaza nitanunua mbaya, na ubaya huo utakuwa wako.

Mwanao,
Wijdan

*

Mabela
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mwanangu Wijdan,

Marahaba. Tu wazima. Mama yako anauliza kwa nini nasaga meno, namwambia ni jino.

Nimekaa siku tisa nikikasirika. Bado nimekasirika. Lakini nimeona hiyo damu ya gumba kama niko pale, na fundi aliyemo ndani yangu hawezi kunyamaza. Sikiliza.

Bastola ikiwa ndogo sana na nyepesi, teke lote linakuja mkononi, hakuna uzito wa kulizuia. Ndiyo maana ilikuchubua. Watu wanadhani ndogo ni ya kuanzia. Ndogo ni ya mtu aliyekwisha kujua. Rivolva ya mtumba iache, hujui nani kaichezea ndani. Chukua ile ya Kituruki, lakini kwa masharti. Kwanza, vidole vyako vyote vishike mpini, kisining'inie hata kimoja. Pili, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma, kivute mara ishirini mbele ya muuzaji. Ukichoka mara ya kumi, irudishe. Tatu, nafuu iwe bastola, isiwe ala yake. Nunua ala ngumu inayofunika triga yote, ikae kiunoni chini ya blauzi. Usiitie kwenye mkoba hata siku moja, mkoba unaporwa, mkoba unaachwa kitandani kwa watu. Nne, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua. Tano, piga risasi mia uwanjani kabla ya kuiamini. Chuma cha bei nafuu hukwama, na kikwame huko, kisikwame siku yake.

Nimemaliza. Sitaki uniambie ahsante.

Na kwa sababu silali, nimempigia Sinan. Usikasirike. Talaka huvunja ndoa, haivunji damu, na mimi siwezi kumwacha binti yangu peke yake kwenye mtaa wa wezi wakati mtoto wa ami yake yuko mji ule ule. Hakujua hata kwamba umehama, maskini. Nimempa anuani yako. Amefurahi sana, amesema atapita Ijumaa akuangalie. Nimemwambia asije mkono mtupu.

Babako

*

Columbus
Alkhamisi, 23 Oktoba 2025

Baba,

Leo sina salamu.

Sinan ndiye mwizi. Hakuna mwizi mwingine. Bastola ni kwa ajili yake.

Nilihama kwa sababu alikuwa anakaa ndani ya gari nje ya kazini kwangu, kila siku, wiki sita. Hata mama sikumpa anuani. Nilikupa wewe tu, kwa sababu ulisema unataka kunitumia vitabu vyangu. Kwa mwaka wa tatu sasa tangu tuachane ananiambia atanirudisha, nikiwa hai au sivyo. Maneno yake hayo.

Unakumbuka mkono wangu uliovunjika? Niliwaambieni niliteleza kwenye barafu. Ilikuwa Julai, baba. Julai! Hapa Julai watu wanatembea na kaptura. Hakuna aliyeniuliza, si wewe, si mama, wala ami Suud aliyemzaa. Nilisema barafu makusudi, nikingojea mmoja wenu aseme, Wijdan, barafu gani ya Julai? Mkanambia nivae viatu vizuri.

Na nilikuwa sijanunua bado. Nilikuwa nakungoja wewe. Barua moja imeniletea ushauri na imemletea yeye mlango wangu.

Nakwenda dukani sasa hivi. Usimpigie, ukimpigia atakuja leo.

Wijdan

*

Mabela
Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Mwanangu,

Nimeamka kuswali alfajiri nikaikuta barua yako. Nimeipigia simu yako mara kumi na nne, imezimwa. Sinan sikumpigia, kama ulivyosema. Toka kwenye fleti. Nenda msikitini, nenda hospitali, nenda popote penye watu. Usimfungulie. Mimi ni mjinga, sikujua. Sisi huku tunadhani Amerika ni baridi mwaka mzima.

Niandikie neno moja tu.

Babako

*

Mabela
Jumatano, 29 Oktoba 2025

Mwanangu Wijdan,

Natumai u mzima.

Siku tano. Ayman, kaka yako, amepiga simu kazini kwako, wamesema uko likizo, hawasemi zaidi. Mama yako nimemwambia yote. Alinitazama, akaingia chumbani, na mpaka leo chakula changu napakua mwenyewe.

Nimekwenda Darsait kwa ndugu yangu. Nilimkuta sebuleni na wageni, wanakunywa kahawa. Zamani ningengoja waondoke. Safari hii nilisimama mlangoni nikamwambia mbele yao:

"Suud, mwanao kamvunja mwanangu mkono."

Akasema, "Kaa basi, ndugu yangu. Mambo ya mke na mume hayo. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Jembe? Ulikuwa unajua?"

Akakiweka kikombe chake chini, juu ya zulia. Wijdan, alikuwa anajua! Sinan alimwambia mwaka ule ule, akalia, akaahidi hatorudia, na babake akaona imekwisha. Miaka yote hiyo mtu anakula kwangu sikukuu na anajua. Nilikipiga teke kikombe chake, kahawa ikamwagikia zulia, wageni wakanishika mikono. Sijuti. Najuta kwamba kilikuwa kikombe tu.

Niandikie. Hata matusi, yaandike.

Babako

*

Jumapili, 9 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumai mama anakula.

Barua zako zote nimezisoma. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza nilitaka kuvunja kitu.

Alkhamisi ile niliichukua ya Kituruki. Niliivuta mara ishirini mbele ya muuzaji, akanicheka, nikaendelea. Nilipiga risasi mia jioni hiyo hiyo, ilikwama mara mbili, zote mapema. Ala ngumu ilinigharimu sana na nikailipa. Nilitaka kuondoka Ijumaa asubuhi, lakini hoteli niliyoipata ilikuwa inafungua chumba saa kumi jioni. Saa tisa unusu Sinan alikuwa mlangoni.

Alikuja na halwa, baba. Alibisha hodi kama mgeni. "Ami Mahfoudh kanituma," alisema, yaani wewe. "Fungua, binti ami, nimeleta halwa." Niliwapigia polisi simu, nikamwambia yeye kwa sauti nna bastola. Akacheka. Akasema, "Huna. Ami kaniambia bado unachagua."

Ulimwambia na hilo.

Akautia mlango bega mara mbili. Kufuli lilitoka, mnyororo ukashika, na pale palipofunguka akaniona nimesimama mwisho wa ukumbi, mikono miwili, kidole nje ya triga kama ulivyoandika. Alipoiona ndipo alipoamini. Akarudi nyuma hatua moja moja, sanduku la halwa bado liko mkononi. Sikupiga. Nilitaka. Nakwambia ukweli, nilitaka sana, na ninapokumbuka bado nataka, na hilo nalo ni deni lake kwangu.

Polisi walimkuta kwenye maegesho. Sasa ana kesi na amri ya mahakama asinisogelee, lakini ametolewa kwa dhamana.

Nimehama tena. Nna wakili, mwanamke mkali kuliko bibi. Kaniambia anuani nisimpe mtu. Nikamuuliza, hata baba? Akaniuliza, mara ya kwanza alimpa nani?

Nakupenda na nimekukasirikia, na sijui lini moja litashinda. Anuani sikupi.

Mwanao,
Wijdan

*

Mabela
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mwanangu Wijdan,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mama yako nimemsomea. Alilia, akala, kisha akanambia maneno ambayo mwanamke wa miaka yake sikujua anayajua. Nimeyastahiki.

Hiyo bastola ipe mafuta kidogo kila ukitoka uwanjani, kidogo tu. Ilikwama kwa ukavu wa upya.

Leo asubuhi Suud alikuja na wazee wawili wa ukoo. Wanataka nikuandikie uifute kesi, tuyamalize sisi kwa sisi, wanasema aibu imeshafika mpaka kwa watu wa mji wa Sur. Niliwanywesha kahawa, kwa sababu ni wageni. Halafu nikawaambia kesi haifutwi, na atakayekuja tena kwa neno hilo atainywea barabarani. Mmoja akasema nimekata udugu. Nikamwambia aliyeukata yuko Ohio kwa dhamana.

Wakati wa kuondoka ndugu yangu alinishika bega. Alikuwa analia, mwanangu. Tumelala kitanda kimoja mimi na yeye tangu Unguja mpaka tulipokuja huku. Akasema, "Sitaki kitu, niambie tu yuko mji gani nimwombee." Na mimi, na hasira zangu zote hizi, na yote ninayoyajua, nilifungua mdomo nimjibu. Kilichonizuia ni kwamba mji wenyewe siujui.

Basi usiniandikie uko wapi. Nitakuuliza. Mama yako akiugua nitakuuliza, sikukuu ikija nitakuuliza, na siku moja nitakuuliza kwa kilio. Usinambie.

Babako