Tundu Nyuma ya Benchi

Jumatatu, 3 Juni
Lipu ya chumba cha eksirei hapa hospitali imekauka. Viganja vimechanika kwa saruji. Jioni ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa huku. Kwetu Singida mbali. Kesho anakuja mtaalamu kutoka Mbinga kupima kama kuta zinavujisha mionzi. Bosi kasema zikivuja, aliyekosea ataondoka. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni
Mtaalamu mwenyewe binti, Frida. Fundi mwenzangu Ndunguru akamwita daktari. “Mimi si daktari, baba. Ni mwanafizikia tiba. Daktari anatibu mgonjwa, mimi naichunga mionzi.”

Mashine ikawashwa. Yeye nje, kipimo mkononi, akiupapasa ukuta taratibu. Ndunguru akaninong’oneza, “Anatafuta dhahabu huyu.” Tukacheka. Kwenye benchi la wajawazito, lililopakana na ukuta huo, kipimo kikalia. Akarudia. Kikalia tena. Kicheko kikaisha.

Nilijua. Mirunda, miti ya jukwaa tunalosimamia, tunaichomeka ukutani. Tukiichomoa, tundu tunaliziba kwa vipande vya tofali na udongo, lipu juu. Nyumba zote nilizojenga ziko hivyo na hazijamdhuru mtu. Hapa mionzi imepita palepale, usawa wa kichwa cha mama aliyekaa.

Nikasema. Nililiziba mimi. Bosi akafoka, nifungashe. Frida akamgeukia: “Ukimfukuza huyu, matundu mengine utanionyesha wewe?”

Bosi akaniambia nirudi kazini. Nimebaki. Mpaka Frida atakapopima tena.

Jumatano, 5 Juni
Tumechimbua matundu yote, tumeshindilia zege. Mgongo hauna hali.

Mapumziko nikamuuliza Frida kazi hii inasomewaje. Kasema fizikia na hesabu tangu sekondari, kisha chuo, kisha shahada nyingine ya mambo ya tiba. Halafu kusimama nyuma ya wakubwa kwenye mashine za saratani, akikokotoa mionzi ya kila mgonjwa, nao wakikagua hesabu zake. Alilia sana, kasema. Hakuachwa peke yake mpaka walipomwamini.

Nikamwambia habari za Neema wangu, kidato cha pili. Anataka kuiacha fizikia, mwalimu hawana. Akasema, “Mpigie, baba.” Wakaongea mpaka salio likaisha. Sikusikia yote. Nilisikia binti yangu anacheka.

Jumatano, 12 Juni
Sikulala vizuri. Frida karudi. Kapima ukuta wote, na pale kwenye benchi karudia mara nyingi. Kipimo kimya. Ndunguru kanipiga bega: “Mnyaturu, umepona!” Nimemshukuru Mungu, halafu nimemshukuru Frida. Naye akanishukuru kwa kusema ukweli. Sijazoea kushukuriwa kazini.

Usiku ujumbe wa Neema: baba, siiachi.

Jumatatu, 17 Juni
Kazi imekwisha, hata rangi tumepaka. Nimepita na begi langu kuaga. Benchini mama mjamzito, amechoka, kakaa wima hataki kugusa ukuta. Akaniuliza kama rangi imekauka.

Nikamwambia, “Imekauka, mama. Egemea tu.”

Akaegemea.