Mghani wa Shamshad

Bagamoyo, Jumatatu

Kaka Altaf,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na duka limepakwa rangi mpya.

Ijumaa mdogo wako Shamshad alijiunga na mchezo wetu wa mezani, wa kete na mazimwi. Akachagua kuwa mghani, ambaye beti zake huwakinga wenzake. Mimi, msimamizi wa mchezo, nikaweka sharti: lazima aghani kwa mdomo wake. Nilijua ana kigugumizi.

Zimwi lilipovamia, alikwama kwenye neno la kwanza. Akaandika ubeti kwenye karatasi, akanipa.

"Sheria ni sheria," nikasema. "Mghani amekufa."

Wote walicheka, nami nikacheka.

Tangu siku hiyo hajatamka neno. Mama mkubwa anadhani ni koo, anamchemshia tangawizi. Mimi ndiye ninayempelekea kikombe, naye hukipokea bila kunitazama.

Nduguyo,
Zishan