Kiti cha Muuguzi Kimekwenda Kwao, Baba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile uliyokunywa chai nusu kikombe, ukamwambia mama unafumba macho dakika tano kisha unarudi kazini. Dakika zako tano tulizijua. Zilikuwa na ndugu zake, nusu saa na saa nzima. Mama akakuacha upumzike, akaendelea kukunja vitambaa vyake, na alipokuja kukuondolea kikombe ulikuwa umeshakwenda.

Tunaandika sisi wanao wawili, mwalimu na kinyozi. Mama tulimpa kalamu akaturudishia. "Andikeni nyinyi," alisema. "Mimi nimechoka, na mwenyewe anajua nimechoka." Kwa hiyo mengi ya humu ni yake, sisi tumeandika tu.

Wanaosoma hapa ambao hawakukujua na waambiwe. Ulikuwa fundi wa samani kuukuu, wa kuzirudishia uhai. Hatukumbuki kukuona ukitengeneza kitu kipya hata kimoja. Uliletewa kabati lililoliwa na wadudu, meza iliyopasuka katikati, kitanda cha bibi wa mtu, ukaviweka kwenye chumba cha nyuma kilichopakana na jiko, na siku mbili za kwanza hukuvigusa. Ulivizunguka tu, mikono mgongoni. Mama alichungulia mlangoni akauliza, "Unakifanyia kazi au unakiposa?"

"Nakisikiliza."

"Kikishakujibu uniite. Chai inapoa."

Makalio ya viti yalikuwa kazi yake. Wewe uliyang'oa ukampelekea pale kwenye cherehani, yeye akabadilisha sponji na kushona kitambaa, akakurudishia. Jioni, vanishi ikiwa bado mbichi, mlikaa wote wawili chini, wewe umeshika taa, yeye ameshika kibano cha nyusi, akinyofoa nywele za mbwa moja moja kabla vanishi haijakauka. Mlizozana muda wote huo. Sisi tuliokulia nyumba hiyo tunasema hatujaona mapenzi mengine ya kushinda yale.

Maana mbwa nao walikuwepo, nani angewasahau. Meneja, mzee mwenzako, alilala kizingitini, na hakuna mteja aliyeingia bila kunuswa viatu kwanza. Mwingine ulimwita Msasa, kwa ajili ya ulimi wake unaokwaruza. Mama aliweka sheria kwamba mbwa hawapandi kwenye viti. Ulikubali kwa sauti kubwa ili asikie mpaka jikoni, kisha ukasogea kidogo Msasa apate pa kukaa.

Ulikuwa na kasoro moja, na mtaa mzima uliijua. Mteja akikuuliza kazi yake itakuwa tayari lini, ulimjibu, "Njoo Ijumaa." Ya lini, hukusema. Akija Ijumaa unamkalisha, unamweleza habari za mbao yake, ilikatwa vipi, imeteseka wapi, mpaka anasahau kwamba alikuja kukasirika. Anaondoka na Ijumaa nyingine. Ndiyo maana wakakuita Fundi Ijumaa. Aliyebaki na aibu mlangoni ni mama. Miaka thelathini na mmoja amegombana na neno hilo. "Sema hata Jumanne siku moja," alikuwa anakwambia, "wajue angalau umefikiria."

Na kwako je? Meza yetu ya jikoni mpaka leo imesimama juu ya tofali, kwa sababu Meneja alitafuna mguu wake alipokuwa bado mtoto, nawe ukaahidi kuutengeneza Ijumaa. Meneja sasa ana mvi kidevuni.

Lakini ukishaishika kazi, uliishika kweli. Ulikuwa na sharti moja tu: kitu cha mtu kirudi kwake kana kwamba hakijapita mikononi mwa mwingine. Kisionekane tone la gundi wala mkwaruzo. "Sisi hatukuwepo," ulisema, kila ulipofunika kazi iliyokwisha.

Sasa tunakuja kwenye kile kiti.

Miaka saba iliyopita muuguzi mmoja alikuletea kiti cha marehemu baba yake, kile kirefu cha mikono. Kabla hajakichukua akahamishiwa kazi mbali. Akapiga simu, ukamwambia asiwe na wasiwasi, kitamngoja. Ukakiweka juu ya rafu na shuka juu yake, na kila mwezi ukakishusha kukifuta vumbi. Kisha moyo wako ukaanza kukusumbua, ukawa huwezi kuinuka mpaka ushike kitu pande zote mbili, na ndani ya nyumba hii yenye viti kumi na saba hakuna kingine kilichokufaa. Ukakishusha. "Nakijaribu tu," ulimwambia mama, "nione kama gundi imeshika." Ulikijaribu miaka miwili. Ni humo ulimofumbia macho zile dakika tano, kidevu cha Meneja kikiwa juu ya mguu wako.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, muuguzi alikuja. Amerudi kufanya kazi hapa. Alitoa pole, akakaa kidogo, akafungua mkoba akatoa kikaratasi chenye mwandiko wako: "Kiti kimoja cha mikono. Ijumaa." Basi. Hukuandika ya lini, Baba, hata kwenye karatasi.

Mama anasema alifungua mdomo aseme kipo, kichukue, na kilichotoka ni kingine.

"Hakijaisha bado. Njoo Ijumaa."

Yule dada akashukuru, akaenda. Mama akabaki mlangoni na aibu yake ya siku zote, ila safari hii hakuwa na wa kumgombeza. Jioni hiyo alikiburuta kiti mpaka chumbani kwenu, akakifunika kwa shuka. Meneja akahamia huko huko.

Muuguzi alikuja mara tano katika mwaka huu. Mara tano alipewa Ijumaa, na hakubishana hata siku moja, jambo ambalo mama anasema lilimuumiza kuliko matusi.

Mama amechoka, Baba. Huzuni anayo, hatusemi hana, lakini kilicho mbele ni uchovu. Amechoka kuambiwa pole na watu ambao inabidi awafariji yeye. Amechoka kuamka na kuwapa mbwa chakula, kufagia chumba cha nyuma ambacho hakina tena vumbi la mbao, kupika kidogo na bado kikabaki. Amechoka kulala upande wake wa kitanda kana kwamba upande wa pili una mtu. Akikaa, hana haja ya kusimama. Akisimama, hakumbuki alitaka nini.

Sisi habari za kiti hatukuwa nazo. Mwezi uliopita kinyozi alikuja kumnyoa Msasa, akamfuata mpaka chumbani, akaliona lile shuka.

"Mama, hiki si kiti cha watu?"

"Ni cha watu."

"Wenyewe hawajakitaka?"

"Wanakitaka."

"Sasa?"

"Sasa kimekaa."

Akamwita dada yake. Mwalimu akaja na ualimu wake, akasema twende kwa yule muuguzi tumweleze, tumpe kingine kizuri zaidi, viko vingi. Mama akamwacha amalize. Kisha akavuta shuka, akatuonyesha mkono wa kulia wa kiti. Vanishi ilikuwa imelika pale kiganja kinapokaa, mbao imekuwa nyeupe na laini, na pembeni kuna kishimo kidogo cha kidole gumba.

"Hapa ndipo alipokuwa anashika," alisema. "Kila asubuhi naweka mkono hapa kabla sijatoka. Nikikirudisha, lazima nipapige msasa, nipake vanishi upya, mtu asijue tulikuwepo. Ndivyo alivyofanya kazi, siwezi kumharibia kazi yake. Na siwezi kumpiga msasa mume wangu. Nifanye lipi?"

Kinyozi, ambaye huwa na jibu la kila kitu, alitoka nje kumalizia mbwa.

"Nimechoka kudanganya," mama alituambia tulipoaga. "Na naziogopa Ijumaa. Mwaka ukitimia kitoke."

Jumatatu ya wiki hii alikirudisha chumba cha nyuma. Mguu mmoja ulikuwa umelegea, akautia gundi, akaufunga kamba na kuisokota kwa kijiti kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Jumanne akakata msasa, akaukunja mara tatu. Mkono wa kushoto aliumaliza kabla ya saa nne, akaupaka vanishi, ukawaka. Wa kulia aliuwekea msasa juu, akakaa. Meneja akaja akamwekea kidevu mguuni. Walikaa hivyo mpaka saa tisa alasiri, na msasa haukusogea.

Jumatano muuguzi alipita akitoka kazini, bado amevaa sare, hakuwa ameambiwa aje. Alikikuta kiti katikati ya chumba. Hapo mama akasema yote kwa pumzi moja. Kwamba kiti kilikwisha miaka saba iliyopita. Kwamba mume wake alikikalia bila ruhusa, na amefia humo. Kwamba yeye amekuwa akimdanganya miezi yote hii, na kama anataka kugombana, agombane.

Yule dada alichuchumaa pembeni ya kiti, akaweka kiganja kwenye mkono wa kulia, na kidole gumba kwenye kile kishimo.

"Kumbe alipaacha," alisema.

"Nani?"

"Fundi. Nilimwomba asipaguse hapa. Baba yangu alikuwa anashika hapa akisikiliza redio, kidole hiki hiki, miaka na miaka. Fundi akakataa. Akasema yeye haachi alama kwenye kazi yake. Tulibishana, nikaondoka nimekasirika." Akapapasa tena. "Kumbe alipaacha."

Hukumwambia mama, Baba. Yeye makalio ya kile kiti tu ndiyo yaliyofika kwenye cherehani; nywele za vanishi yake ulizinyofoa peke yako, mikono yake hakuitazama. Ulikuwa na sharti moja maisha yako yote, ukalivunja kwa ajili ya binti wa watu, na ukanyamaza.

Mama akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Yaani mwaka mzima," alisema, "kila asubuhi, nimeshika mkono wa mwanamume nisiyemjua."

Akacheka. Tunaandika hili kwa sababu ungetaka kulijua: alicheka mpaka Msasa akaja kuangalia kuna nini. Muuguzi naye akacheka, na katika kucheka wakalia wote wawili, na hakuna aliyemwambia mwenziwe pole.

"Lakini pamezidi kulika," muuguzi alisema baadaye. "Hapakuwa peupe hivi."

"Hapo palipozidi ni pa mume wangu."

"Basi pabaki pao wote." Akasimama, akasita. "Mama, kama unataka kikae kidogo..."

"Usiniambie hivyo, mwanangu, maana nitakubali. Njoo Ijumaa."

Yule dada akamtazama. "Ijumaa ya lini?"

"Keshokutwa."

Leo ndiyo Ijumaa yenyewe, Baba. Muuguzi amekuja asubuhi, saa ile ile aliyosema. Kiti kilikuwa tayari, mkono mmoja unang'aa na mwingine umefifia, jambo ambalo wewe usingelala kwa ajili yake. Mama alikishika upande mmoja, kinyozi upande wa pili, wakakipeleka mpaka kwenye gari. Meneja akawafuata hadi getini, taratibu, kwa yale magoti yake. Akamnusa muuguzi viatu, akamruhusu. Gari lilipoondoka akarudi chumbani kwenu, akalala palepale kiti kiliposimama. Tumemwacha.

Mama amekaa jikoni tunapoandika haya. Tulimuuliza tukwambie nini.

"Mwambieni Ijumaa imefika," alisema. "Mwambieni nilimgombeza bure miaka yote ile. Unasema Ijumaa kwa sababu hutaki kitu kitoke. Sasa najua. Ningejua mapema ningemwacha." Akafuta meza kwa kiganja. "Na mwambieni nimechoka, lakini kiti chake nimekimaliza."

Kisha akainama chini ya meza, akaupapasa mguu ule uliotafunwa, na tofali lake. Mwalimu akamuuliza kama na huo atautengeneza.

"Nitautengeneza."

"Lini, Mama?"

Akajishika kiuno, akainuka polepole, akaelekea chumbani kwa Meneja.

"Ijumaa," alisema.

Unakumbukwa na mkeo, mshonaji wa makalio ya viti. Na wanao, mwalimu na kinyozi. Na dada yako mwuza maua, aliyekuletea kazi yako ya kwanza. Na wajukuu wako wawili, ambao bado wanagonga mlango wa chumba cha nyuma kabla ya kuingia. Na Meneja, na Msasa. Na wateja wako wote, hata wanaongoja bado.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, si Ijumaa peke yake.