Bakuli Chini ya Mashuka Safi

Mwaka umezunguka sasa tangu ututoke, mama watoto, wewe ambaye hospitali nzima ilikuita Mama Mashuka. Mumeo ndiye aliyeshika kalamu. Mwandiko wake unaujua, kwa hiyo binti yako amepita nyuma yake kunyoosha palipopinda. Maneno ameambiwa ayaache kama yalivyo.

Ulifua mashuka ya hospitali zamu ya usiku miaka yote ya ndoa yenu. Mashine ikiharibika hukumngoja fundi, ulikamua kwa mkono. Mikono yako ilikuwa minene kuliko ya mumeo, na hukuacha kumtania: "Lete hicho kifuniko nikifungue, baba watoto, usije ukateguka." Ukirudi alfajiri unakula ukashiba, unavuta pazia, unalala. Nyumba nzima tulijifunza kunyata mchana.

Kisha mikono ile ikaanza kuisha. Kansa ilikuwa tumboni, lakini kilicholiwa mbele ya macho yetu kilikuwa misuli. Wakakulaza wodi ya juu, kwenye mashuka uliyoyafua mwenyewe. Ulinusa la kwanza ukasema, "Nani kaacha sabuni humu?"

Ndipo akaja yule daktari wa utafiti, binti mpole wa miwani. Alikufunga mkononi kibangili cha kupima kulala na kuamka kwako. Akatueleza kwamba mwili una saa yake ndani, misuli nayo ina yake, na wao wanatafuta kama ugonjwa huu unazivuruga saa hizo mpaka misuli inayeyuka. Ukamuuliza, "Na mimi niliyelala mchana maisha yangu yote, yangu mtaisoma vipi?" Akacheka. Akataka kujua njaa inakushika wakati gani. Ukamwambia, alfajiri, wakati wa kutoka zamu.

Lakini chakula cha wodi kilikuja mchana, wewe umo usingizini. Walikutikisa, ukameza vijiko viwili, wakaondoa sahani wakisema mgonjwa hataki kula. Usiku, hata ulipojaribu kulala, taa haikuzimwa. Mumeo alimfuata muuguzi mkuu, akamwomba chakula chako kije alfajiri na taa izimwe usiku.

"Baba, wagonjwa ni wengi na ratiba ni moja. Kila mtu akija na saa yake tutafika wapi?"

Akamgeukia yule daktari. Naye akatazama chini. "Mimi hapa ni wa kupima tu, baba. Sina amri hata ya swichi ya taa."

Mumeo hakusoma sana, lakini hilo alilielewa vizuri. Mwenye kujua hakupewa amri, na mwenye amri hakutaka kusikia.

Akaanza kuja langoni alfajiri na bakuli la uji. Mlinzi akamwambia saa ya kuona wagonjwa bado. Uji ukapoa mikononi mwake, akarudi nao nyumbani. Kesho yake mwenzako wa zamu, yule mwenye pengo, akamkuta amesimama pale. "Shemeji, unauza uji au unalinda geti? Lete hapa." Akalisukumia bakuli kwenye toroli, chini ya mashuka safi, akapita nalo huku akimsalimia mlinzi na kumuulizia wanawe. Ulikula ukamaliza. Ukatuma salamu: "Mwambieni uji unanuka sabuni, ila kesho aongeze."

Ikaenda hivyo siku chache, na mumeo akaanza kutembea kama mtu mwenye siri nzuri. Halafu uji ukamwagika. Doa likaonekana, muuguzi mkuu akauliza, toroli likaanza kukaguliwa. Mwenzako akaondolewa kwenye mashuka, akapelekwa kufagia uani. Hatukuwa na njia nyingine. Kibangili kikawa kinateleza mpaka kwenye kiwiko, na mumeo akakikaza kwa uzi, kwa kuwa ndiyo kazi pekee waliyomwachia.

Juzi yule daktari alikuja nyumbani kutupa pole ya mwaka. Alikaa kwenye kiti chako, hakujua, nasi hatukumwambia. Alisema wameona mengi, dawa bado. Alisema pia kwamba misuli huisha hata kwa mgonjwa anayekula. Mumeo akamuuliza jambo moja tu: ule uji ungekufaa?

"Sijui, baba. Ndicho tunachotafuta."

Huyo hana lawama. Wale wenye wodi yao mumeo anawalaumu, na ataendelea kuwalaumu hata wakimwona kichaa, maana kuzima taa mtu alale hakuhitaji utafiti. Wala hakuna alipowasilisha lawama hizo zikapokewa. Amezileta hapa.

Bado anaamka alfajiri, wakati ule ule. Anakwenda kuondoa komeo la mlango ili usigonge ukatuamsha. Mkono ukishalishika ndipo anakumbuka. Amejaribu kuchelewa kulala, amejaribu kufunika kichwa, mwili wake hausikii. Siku hizi hashindani nao.

Unakumbukwa na mumeo; binti yako na mumewe; kijana wako, ambaye hadi leo ananyata mchana; dada yako; na wenzako wote wa chumba cha kufulia, hasa yule wa toroli, ambaye bado anafagia uani.

Maadamu tunapumua, utakuwa nasi. Komeo limeondolewa, mama watoto.