Hadithi Yangu kwenye Tovuti ya Mtani

Jumatatu, 2 Septemba

Umeme umerudi saa nne. Nikajibu barua za wateja wawili kabla chai haijapoa. Ya tatu ilitoka kwa Daktari Ndapewa wa Windhoek, yule wa meno. Mwezi mzima tunazungumza ili niwe msaidizi wake wa mtandaoni – nimshikie barua pepe na miadi ya wagonjwa wake, mimi nikiwa hapa hapa Ndola. Nilidhani ni mkataba. Si mkataba. Ananiuliza kwa upole kwa nini kuna tovuti mbili, yangu na nyingine, zenye maneno yale yale.

Nimeifungua hiyo ya pili. Picha ya Misozi Jere, kavaa miwani asiyoihitaji. Chini yake – mimi. Nilivyopunguzwa kazi ya uchapaji kwenye ofisi ya mgodi. Nilivyojibu barua za mteja wa kwanza nikiwa kwenye korido ya hospitali, baba yuko ndani anapumua kwa shida. Na "binti yangu Lombe" aliyenizoesha kuamka mapema. Misozi hana mtoto!

Hata sikukasirika. Nilichoka tu, kama mtu aliyeambiwa afue upya nguo alizokwisha kuanika.

Jumanne, 3 Septemba

Nimempigia Misozi. Kazi hii nilimfundisha mwenyewe, mezani hapa hapa, miezi mitatu, ugali wangu wa nshima anakula. Yeye Mngoni wa Chipata, mimi Mbemba. Watani. Nikamwambia nimeona tovuti yake.

"Mama Lombe," akasema, "Wangoni tangu lini tukaomba? Sisi tunachukua. Waulize babu zako."

Nami nikacheka. Mdomo ulicheka wenyewe. Mtani akikuchokoza hununi, ndivyo tulivyolelewa, tangu tukiwa watoto tunanyang'anyana vitumbua. Tukaagana vizuri. Simu imekatika ndipo nikakumbuka kuwa sikumwomba aondoe chochote.

Daktari kaandika tena. Barua za wagonjwa ni siri za watu, hawezi kumkabidhi mtu ambaye hana uhakika naye. Atangoja mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Baadaye atatafuta kwingine. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Alhamisi, 5 Septemba

Siku nzima ushahidi. Nimepiga picha kurasa zote za Misozi, moja moja, tarehe ikionekana. Nimechimbua daftari la Lombe la hesabu – huku mbele kujumlisha, huku nyuma rasimu zangu za miaka mitatu iliyopita, zimefutwafutwa, na doa la mafuta. Ile sentensi ya korido niliiandika mara saba. Saba! Yeye kainakili mara moja.

Nimepeleka malalamiko kwa kampuni inayohifadhi tovuti yake. Wana fomu. Wewe ndiye uliyeandika? Ndiyo. Uliwahi kumruhusu mtu huyu kutumia maneno yako? Hapana. Unaapa kwamba uliyosema ni kweli?

Nikaapa. Umeme ukakatika baada ya kutuma. Nikalala kidogo kwenye kochi mchana, jambo ambalo silifanyi.

Jumatatu, 9 Septemba

Misozi kawajibu. Kawapelekea sauti yangu.

Mwezi wa tatu, siku ya kumfunda mpwa wangu kabla ya harusi yake, aliniandikia kwenye simu: tovuti yako nzuri, naichukua. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikamjibu kwa sauti. Kampuni imenirudishia hiyo sauti niisikilize. Ngoma nyuma, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi nimechangamka, kikombe cha pombe ya munkoyo kishanipanda kichwani:

"Chukua, mtani. Chukua tovuti, chukua na maneno yote, na mume chukua. Nyinyi Wangoni tumewazoea."

Baba Lombe kaisikiliza mara mbili. Akauliza kama afungashe nguo zake. Kisha akaacha kucheka, akasema mlango huu nilimfungulia mwenyewe. Najua. Sikuhitaji kuambiwa.

Kampuni inasema sauti hii inafanana na ruhusa. Nijieleze mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni, la sivyo wanafunga malalamiko na ukurasa wa Misozi unabaki. Nafasi ya maelezo: herufi mia tano.

Na mimi niliapa.

Jumanne, 10 Septemba

Utani kwa herufi mia tano. Nimejaribu.

"Kwetu Mbemba na Mngoni hutukanana bila kugombana." Nimefuta. "Nilisema chukua lakini kila mtu kwetu anajua maana yake ni usichukue." Nimefuta. Na si kweli pia – mtani huchukua! Siku ya harusi yangu Wangoni walinichukulia viatu, nikakaa pekupeku mpaka vikakombolewa kwa kuku.

Nikisoma ninayoandika naona mwongo anatafuta pa kutokea.

Jumatano, 11 Septemba

Mjomba wake Misozi amefariki jana. Msiba uko mtaa wa Masala. Nikasema siendi. Baba Lombe kanitazama kama nimesema natembea uchi. Wangoni wamefiwa, Wabemba wakae nyumbani? Nani atawachekesha? Na mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, alinitania vizuri kila tulipokutana.

Nitakwenda. Sina nguvu ya kubishana.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefanya jambo. Sijui niliite nini.

Wanaume nje, wanawake ndani chini, wanalia. Sisi Wabemba watano tukaingia kama inavyopasa. Mmoja akajilaza katikati ya sebule akadai uji. Mwingine akawaambia Wangoni wanalia kwa sauti mbaya, warudie. Wakacheka huku machozi yanatoka. Hata mimi, kwa mara ya kwanza wiki hii, nilijisikia mtu.

Halafu nikaona nyuma ya pazia mkoba wa kompyuta ya Misozi. Kaja nayo mpaka msibani. Mikono yangu ikaukamata kabla sijafikiri. Nikasimama nao mbele ya wote, nikawaambia nimepata mateka. Shangazi yake mkubwa, Bibi Zelifa, akauliza kwa furaha nataka nini, kuku au pombe.

"Sitaki kuku," nikasema. "Nataka maneno yangu."

Wakaangua kicheko, walidhani ni mzaha mpya. Misozi hakucheka. Aliinuka, khanga inamvuka mabegani.

"Mama Lombe, huu si utani. Hiyo ni kazi yangu. Kila nilicho nacho kimo humo."

Siku tatu nimetafuta maneno ya kujaza ile fomu, na yeye kayatoa mdomoni kama mtu anayetema kokwa. Nikaona macho yake yamevimba kwa kumlilia mjomba. Nilitoka tu. Na mkoba nilitoka nao.

Ijumaa, 13 Septemba

Mkoba uko mezani. Sijaufungua. Baba Lombe ananizunguka kama nimeleta nyoka ndani. Kasema, sasa mwizi ni nani? Akaenda zake kazini.

Umeme unarudi saa kumi, ratiba ikisema kweli. Fomu inafungwa saa kumi na moja. Daktari naye leo ndiyo mwisho. Maelezo nimeyaandika kwenye daftari la Lombe, hayajai hata mistari minne: kwamba nilisema chukua, kwamba nilipotia alama kwenye Hapana sikuwa nimekumbuka, kwamba yaliyomo kwenye ukurasa ule ni mimi na baba yangu, na hakuna mtu anayeweza kumpa mwingine hayo hata akitaka. Sijui watu wa ofisini huko wataelewa nini. Ila ni kweli, kwa hiyo nitayapeleka.

Saa tisa na dakika arobaini. Lango limegongwa. Nimechungulia dirishani.

Misozi. Peke yake, bado kavaa nguo za msiba. Kwapani kamshika kuku.

Mweupe, mnono, miguu imefungwa kwa uzi. Kaja kumkomboa mateka kama inavyotakiwa. Nikimpokea kuku, basi imekwisha, mkoba ulikuwa utani – na maneno yangu pia yalichukuliwa kiutani, kwa ruhusa yangu, na kwenye fomu jibu ni Ndiyo. Nikimkataa, basi nilimwibia mfiwa msibani, mbele ya ukoo wake wote.

Hatabasamu. Wala haniiti. Anatazama mlango tu, naona amechoka kuliko mimi.

Taa imewaka. Kompyuta yangu inajiwasha. Lombe keshatoka mbio kufungua lango, anamwita shangazi, anauliza kuku wa nani.