Binti Yangu Hataki Tena Kugusa Mashine Tangu Tumzike Mama Yake

Mpendwa mshauri, nakusalimu kutoka Ulemo, huku Iramba. Naomba msaada wako, na naomba univumilie, kwa sababu mimi ni mkulima, sijazoea kuandika barua ndefu, na jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni tangu mwezi wa tatu.

Mke wangu Agripina alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya jirani, na kilichokuwa kinamuumiza ni kwamba watoto wanakariri kanuni za umeme lakini hawajawahi kuona hata mota moja ikifunguliwa, basi akaenda mwenyewe kwenye kiwanda kimoja cha kukamua alizeti akaomba apeleke wanafunzi, akakataliwa, akarudi, akakataliwa tena, mpaka mwenye kiwanda akachoka kumkatalia, na tangu hapo kila Jumamosi wanafunzi wakawa wanakwenda kufundishwa na fundi mkuu wa pale anayeitwa Mughwai, wanafungua mashine, wanabadilisha beringi, wanapima umeme, na mimi mwenyewe nimewaona watoto waliokuwa wanasinzia darasani wakirudi na mashudu, yale makapi ya alizeti, kwenye nywele, wanabishana njia nzima.

Binti yetu Selina, ambaye yuko kidato cha tatu, alikuwa miongoni mwao, na sisemi kwa sababu ni wangu, lakini yeye alikuwa na kitu. Fundi Mughwai alimfundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye mota inayozunguka na mpini sikioni, asikilize kama beringi zimechoka, na siku moja tunakula ugali akatuambia mashine ya kiwandani iliyo karibu na mlango inaumwa, na kweli haikuchukua muda ikasimama. Agripina alicheka sana siku ile, akaniambia, "Baba Selina, huyu tumuandae, atakuwa mhandisi."

Sasa nifike kwenye lenyewe. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza pampu ya kuvuta maji kwenye bustani ya shule, na mota yake ilikuwa imebaki kiwandani. Siku ya Ijumaa Agripina alikuwa kwenye kikao huko huko karibu na kiwanda, alikuwa anarudi nyumbani, na Selina akampigia simu mbele yangu akasema, "Mama, usiiache mota huko, mabomba yote tumeshafunga, imebaki hiyo tu." Agripina akapitia kiwandani, akaifunga ile mota nyuma ya bodaboda, mvua ikaanza, na kwenye kona moja lori lililokuwa linalipita lori lingine likawajia upande wao. Dereva wa bodaboda, kijana anaitwa Amri, alivunjika mguu. Agripina hakufika hospitali.

Baada ya matanga Selina alirudi shuleni kama kawaida na mimi nikashukuru Mungu nikajua mtoto ana moyo mgumu kama mama yake, mpaka siku Amri alipokuja na magongo yake kutupa pole. Selina alimkaribisha, akamletea uji, akasimama pale, akamuuliza, "Kaka Amri, mvua ilipoanza kwa nini hamkujikinga mahali?"

Amri akamjibu, "Nilimwambia mwalimu tusubiri. Akasema twende, watoto wananingoja."

Selina akachukua kikombe akaenda nacho nje. Mimi nilikuwepo, mshauri, nimekaa kwenye kiti changu, na sikusema neno.

Tangu siku hiyo hajagusa mashine yoyote. Ovaroli yake amempa mwenzake Faith. Wenzake wamekuja kumuita mara kadhaa, maana pampu imefungwa mota nyingine na inasumbua, anatoka, anawasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Mimi sijui," anarudi ndani. Sasa anasema anataka kuacha fizikia na kemia asome masomo ya sanaa. Na wakati huo huo mkuu wa shule, Mwalimu Sixbert, ameniita akaniambia kiwanda na chuo cha ufundi cha mjini Singida wamekubali kuchukua wanafunzi wachache likizo ya Juni wakae huko wajifunze kazi, na jina la Selina liliwekwa na marehemu mwenyewe, ananitaka nimpe jibu.

Mama mkwe wangu, Bibi Chiku, ambaye alikuja kutoka Issuna kwa ajili ya msiba na bado tunaye, hataki kabisa kusikia. Aliniambia, "Mwanangu Elisha, mashine zimeshanilia mtoto mmoja. Huyu wa pili sizipi." Na mimi siwezi kumjibu mama mkwe, kwanza kwa heshima, pili sijui nimjibu nini, maana nikijichunguza sijui kama nataka Selina aende kwa faida yake au nataka tu kile alichokianza Agripina kisife, ili nione kama yeye mwenyewe bado yupo. Na kuna kitu kingine ambacho sijamwambia hata mchungaji wangu, kwamba wakati mwingine nikimwangalia binti yangu anaosha vyombo, kuna wazo linapita, linasema, kama asingepiga ile simu. Nalifukuza, linarudi. Nampenda mwanangu kuliko kitu chochote. Nifanye nini? Nimlazimishe aende huko Juni, au nimwache aache sayansi?

Elisha, Ulemo, Iramba

MSHAURI ANAJIBU

Elisha, pole sana. Nimesoma barua yako kisha nikainuka nikatembea kidogo uani kabla ya kuisoma tena. Mwanamke aliyekataliwa mlangoni mara mbili akarudi mara ya tatu kwa ajili ya watoto wa wenzake ni wa kuliliwa, na wewe unayo haki ya kulia kwa muda wote utakaohitaji.

Lakini nitakugombeza, kwa sababu umeniuliza swali la pili na la kwanza umelificha mwishoni. Unaniuliza habari za Juni na masomo ya sanaa. Binti yako hakimbii fizikia. Anaamini amemuua mama yake. Aliuliza swali mbele yako, akajibiwa vile alivyojibiwa, akatoka na kikombe, na baba yake akabaki kwenye kiti. Wewe unadhani wazo lako limefichika? Mtoto aliyefundishwa kusikia ugonjwa wa chuma atashindwa kusikia ukimya wa baba yake? Kurasa zote hizi umeniandikia mimi nisiyekujua, na yeye mnayekula naye sahani moja hujampa hata sentensi.

Wazo hilo linapokupitia, wewe si mtu mbaya. Msiba huleta mawazo ya namna hiyo kwa kila mfiwa, kila mtu hutafuta mahali ambapo angeweza kuzuia. Ubaya ni kuliacha likae kati yenu bila kulitolea neno. Lori lilihama upande wake. Agripina alikuwa mtu mzima, aliisikia mvua, akaamua kwenda kwa sababu alikuwa anakwenda kwenye kitu alichokipenda. Mtoto kumwambia mama yake alete kitu ni jambo la kila siku katika kila nyumba.

Hayo nilikuambia kwa simu Jumatatu, kwa kuwa niliona suala lako halifai kungoja gazeti litoke. Jana ulinipigia, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji. Ulimwita Selina mkakaa kwenye mawe nyuma ya nyumba. Ukamwambia, "Mwanangu, si wewe. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, nikanyamaza, nisamehe." Akakuuliza, "Baba, hata kidogo hukuwahi kuniwazia?" Nawe ukafanya jambo ambalo wanaume wengi wangeshindwa, ukamwambia ukweli, kwamba uliwahi, na kwamba ulikuwa umekosea. Umesema alilia mpaka Bibi Chiku akatoka ndani, akauliza kuna nini, akaambiwa. Yule mama hakuwa amejua habari za simu. Akamshika mjukuu wake akambembeleza kwa Kinyaturu, na mkakaa hapo watatu mpaka kuku wakaanza kuingia bandani.

Halafu ukaniuliza, "Sasa mshauri, nimpelekee Mwalimu Sixbert jibu kwamba Selina atakwenda?"

Hapana. Elisha, pole pole. Mtoto amelia jana, wewe leo unataka avae ovaroli. Nenda kwa mkuu wa shule umweleze hali ilivyo, umwombe nafasi ya Juni apewe mwenzake. Huyo Faith anaweza kuitumia, na Agripina hakuhangaikia kiwanda kile kwa ajili ya mtoto wake peke yake. Likizo zitakuja nyingine. Fundi Mughwai yupo.

Ila kuacha fizikia na kemia mwaka huu, usikubali. Mtu hauzi shamba wiki ya msiba. Mwambie uamuzi huo mtauzungumza mwakani mkiwa mmetulia, na umwombe mwalimu mpya wa fizikia amwache akae darasani asimsimamishe mbele ya wenzake. Habari za uhandisi usizitaje kabisa, wala usimwambie mama yake angetaka hivi au vile. Marehemu hana namna ya kukukosoa ukimsemea vibaya, na mtoto hawezi kubishana naye. Mtafutie pia mtu wa kuzungumza naye nje ya nyumba, muuguzi wa zahanati au mama mchungaji, mtu atakayemsikiliza zaidi ya kumhubiria.

Mama mkwe wako usimshinde kwa maneno. Muombe siku moja mfuatane naye kiwandani, akae kwenye benchi, aone watoto wanafanya nini na nani anawasimamia. Binti yake alikufa barabarani, na yeye hajawahi kuona mahali alipokuwa anafurahi. Mpe nafasi apaone. Akirudi bado anakataa, ni mama mfiwa, mheshimu.

Na wewe mwenyewe acha kumtafuta Agripina ndani ya Selina. Hayumo. Aliyemo ni msichana mwenye akili na majonzi, anayehitaji baba. Siku akikuambia mwenyewe, "Baba, nisindikize kiwandani," acha jembe popote ulipo umsindikize, na mkipita kwenye ile kona mshike mkono. Asipokuambia kamwe, endelea kula naye, na usimnyamazie tena.