Gauni Lililovaliwa Kabla Halijaisha

Shoga, Mama Pacha wa duka la mkabala anadai tumekodisha gauni la yule bibi harusi wa Jumamosi. Eti kasoma kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, ule aliotufungulia shemeji ili duka la dada lijulikane.

Nikafungua. Kweli, chini ya picha ya gauni mwanamke kaandika: "Nimelivaa jana kwenye sherehe, kila mtu kaniuliza fundi wangu nani. Hata ule mfuko wa ndani umenifaa."

Nimelivaa jana. Na gauni liko hapa mbele yangu, lina mkono mmoja na limejaa pini. Angelivaa angetoboka kama chujio.

Halafu huo mfuko. Kwenye picha hauonekani. Wanaoujua ni mwenye gauni, dada, mimi, na shemeji aliyekuwa amekaa hapa tukiushona.

Dada namwambia namshuku mumewe, anacheka tu. "Mwenzio anatutangaza, wewe unampeleleza."

Sasa bibi harusi kapiga. Sauti ya upole, ile inayotisha. "Fundi, sivai nguo iliyotoka mwilini mwa mtu. Nakuja na mama mkwe." Nikamwambia halijaisha, halina hata mkono. Akasema, "Mkono si hufumuliwa?"

Nimemwandikia shemeji: "Kama ni wewe uliyeandika, naomba umpigie bibi harusi umwambie ukweli kabla hajafika."

Tiki za buluu. Kasoma.

Papo hapo chini ya picha ile ile katokea mwanamke wa pili. Na yeye anasema kalivaa.